Kitambaa Juu ya Paa

Adhuhuri moja, mwanangu, hainitoki kichwani mpaka leo. Tulikuwa juu ya paa la nyumba yetu hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni, tukianika kanzu. Vumbi limetanda, upepo hakuna, mara maji ya beseni yakaanza kutetema kabla hatujasikia kitu. Kisha mvumo ukaja. Ndege kubwa za mabomu zilikuwa zinakwenda kuwasaidia askari wa miguu vitani, ila kwa vumbi lile hatukuiona hata moja.

Nikapiga makofi. Mdogo wangu Hamisi alikuwa mlinzi kwenye kambi ya askari hao, na adui alishawazingira. Niliona msaada umefika. Ujana, mwanangu!

Mzee Salehe wa Tanga, mpishi tuliyeishi naye, aliwahi kuwa askari. Alisimama wima akiniangalia kama hanioni, akaanza kuita: "Rashidi. Mbaruku. Sefu." Nikageuka nyuma. Kulikuwa na kanzu tu, zimening'inia bila kutikisika.

"Unamwita nani, mzee?"

"Wenzangu. Walitandua kitambaa cha alama, kile cha juu ya paa cha kuzijulisha ndege kuwa chini ni wenzao, wakajifunika baridi. Ndege za upande wetu zikawadhania adui, zikawaua." Akanishika mkono. "Husemwa aliye juu mngoje chini. Wa mabomu usimngoje. Mpigie mdogo wako, muulize chao kiko wapi."

Nikampigia. Hamisi akacheka: jua kali, wamekishusha wakafanya kivuli. Nikamlilia akirudishe.

"Haya kaka, napanda," akasema, simu ikakatika.

Nilikaa na hofu hadi kesho yake alipopiga. Mabomu yalianguka nje ya ukuta, wote wazima. Lakini sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema alipokuwa akitandika, kulikuwa na watu waliomshikia ncha za kitambaa. Aliposhuka kuwashukuru, wenzake wakamwambia hakuna aliyepanda.

Nilipomweleza Mzee Salehe, alikaa chini akalia, akiyataja tena yale majina matatu.

Basi mwanangu, hizo ngurumo unazisikia na wewe. Usishangilie msaada usiojua unashukia wapi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na fahali wa kwenu naye hatazami anapokanyaga. Kabla ya makofi, muulizie mtu wako aliye chini. Mungu akulinde, na popote atakapokupeleka, asikukoseshe mtu wa kukuulizia.