Ruhusa ya Wengine

Mwanangu, nikikuona unaandika ruhusa ya 777 kwenye hiyo seva, nakumbuka asubuhi moja pale Rumonge, wakati wa vita. Nilikuwa kijana niliyevuka ziwa kutoka Baraka, najua kidogo Linux, mfumo unaoendesha seva, na kujivuna sana.

Ofisi yetu iliwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani. Seva ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza, na kwenye chumba cha mbele kulikuwa na mashine mbili ambazo yeyote aliyeingia angeweza kusomea orodha ya majina. Majina tu. Mahali watoto walipokuwa wamefichwa paliandikwa kwenye faili nyingine iliyofungwa, ndani ya folda ileile, kwa sababu si kila aliyewatafuta aliwatakia mema.

Basi asubuhi hiyo ukurasa wa majina uligoma. Seva ilidai haina ruhusa ya kuusoma. Wazazi walijaa barazani, wengine wametoka Nyanza-Lac kwa baiskeli, na mimi sikutaka kuonekana sijui kazi. Nikaipa 777 folda nzima na kila kilichokuwa ndani yake. Ukurasa ukafunguka. Sikufichi, nilijiona bingwa.

Aliyeitunza seva ile alikuwa Mama Goreti, mwanamke wa maneno machache, na mwenye akili ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Hakuja kunipongeza. Aliketi kwenye mashine ya wazazi, akaandika jina la ile faili ya mafichoni, nayo ikafunguka mbele yake. Akaifunga, akaenda kuchomoa waya wa mtandao, kisha akaniita.

Alinieleza taratibu kwamba saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya wengine wote, na saba maana yake ni ruhusa zote.

“Wengine ni nani?” akaniuliza.

Nikajibu kwamba ni watu tu.

“Mu hii vita, mutoto wangu, watu tu ni nani? Soma mustari ya tatu.”

Akanifungulia ile faili kwenye seva yenyewe, nikasoma. Msichana wa miaka tisa, yuko Gitaza, nyumba iliyo nyuma ya vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mama Goreti.

Tulikaa tukasoma logi, kumbukumbu ya kila aliyefungua kitu kwenye seva, mstari kwa mstari. Kupitia mtandao faili ile ilifunguliwa mara moja tu, na Mama Goreti mwenyewe alipoijaribu. Nililia kwa aibu. Hakunifukuza, alinifundisha. Faili ya mafichoni tuliitoa kabisa kwenye folda ya tovuti, tukaipa 600, asome na kuandika mwenyewe tu. Kurasa tulizipa 640 na folda 750, chini ya kundi la seva, ili kundi lisome bila kubadili kitu na wengine wapate sifuri. Mwishowe akaweka umask 027, amri inayokata ruhusa tangu mwanzo, ili kila faili mpya izaliwe imewafungia wengine, hata siku ambayo fundi ana haraka. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alijua tutakosea tena, akaziba mapema.

Kwa hiyo, mwanangu, ukurasa ukigoma, usifungue kila mlango. Uliza nani hasa anahitaji kuusoma, umpe huyo tu, na wengine wabaki na sifuri yao. Mungu akujalie utulivu wa Mama Goreti, na akuepushe na siku ya kupekua logi ukiomba usikute kwamba mtu ameshasoma.