Wifi Chuma na Chupa ya Kofia Nyekundu

Wifi yangu wanamwita Chuma, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Ni dada wa mume wangu, amenizidi umri na mabega, na kazi yake ni kuwalaza wanyama wa porini. Watafiti wakitaka kumvisha pundamilia kola ya kuonyesha anakohamia, Daktari wa wanyama ndiye anayepiga bunduki, lakini mshale wenye dawa anaujaza Wifi. Mimi kazi yangu ni kusimama nyuma yake na kuogopa.

Sitanii. Dawa yenyewe inakaa kwenye kichupa chenye kofia nyekundu, na tone moja likiingia kwenye mchubuko, au likikurukia jichoni, unalala usiamke. Imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu, siyo kwa watu kama sisi. Kwa hiyo hakuna anayeifungua peke yake. Lazima awe na mwenzake nyuma, ameshika sindano ya dawa ya kuzindua, ameshaivuta tayari. Kabla ya kugusa kofia anauliza, "Uko?" Wa nyuma anajibu, "Niko." Bila neno hilo chupa haifunguliwi, hata pundamilia wote waende zao.

Mwenzake wa zamani alipohamishwa, Wifi alinijia nyumbani. Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi katika ofisi ya watafiti haohao, nina kiti changu, nina feni yangu, sina ugomvi na mtu. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu? Huyu anayekimbia mende?"

"Huyuhuyu ndiye ninayemtaka," Wifi alisema. "Majasiri wanasahau. Mwoga hasahau kitu."

Nilikataa, lakini ukishaolewa wifi ndiye serikali. Nikapelekwa mafunzoni, nikarudi na mazoezi ya kudunga machungwa kwa sindano ya maji, hadi mume wangu akalalamika kwamba nyumba nzima haina chungwa lisilovuja.

Chuma mwenyewe alianza kwa kufagia stoo ya watafiti. Alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kuuliza, kisha kwa kufanya, na katika miaka yote hiyo sijui kama aliwahi kutetemeka hata kwa baridi. Alikuwa akivaa glavu na miwani, anaweka ndoo ya maji miguuni, halafu anaanza kunichokoza huku sumu ikiwa mkononi. "Wifi, hiyo blauzi fundi alikushonea wewe au alimshonea gunia?" Mikono yake imetulia tuli. Huku nyuma jasho linanitiririka mgongoni, ninamjibu kwa midomo mikavu. Nilimpenda na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Siku moja nilimwambia, "Wifi, ogopa kidogo, hata kwa kunistahi tu."

"Nikiogopa mimi, na wewe umeshaogopa, kazi atafanya nani?"

Asubuhi ya mkasa wenyewe, mshale wa kwanza wa Daktari ulimkosa pundamilia. Wa pili ukampata jike mmoja, akayumba, akalala. Mnyama aliyelala haachwi, anafunikwa macho, anamwagiwa maji, anaangaliwa pumzi. Daktari na watafiti wakabaki naye. Mshale uliokosa nao hauachwi majanini, maana mchunga ng'ombe anaweza kuukanyaga. Tukaenda kuutafuta mimi na Wifi, sindano ya kuzindua mkononi mwangu, dereva akitufuata polepole na gari.

Wifi ndiye aliyeuona. Ulikuwa na dawa yote ndani. Akauinamia na koleo, koleo likateleza, sindano ikamkwaruza pale glavu inapoishia. Kilikuwa kimstari kidogo tu, paka angeona aibu kusema ni chake.

Akakitazama. Akakaa chini taratibu.

"Imenipata," alisema. "Uko?"

Sikuweza kujibu. Ninachokumbuka ni mkono wangu ukitetemeka vibaya, na sindano ikizama kwenye paja lake kupitia suruali, kama kwenye chungwa. Midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Nikapiga magoti nikampulizia pumzi mdomoni, na kila nilipoinua kichwa nilimtukana. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na mimi nimeogopa mengi.

Akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho.

"Wifi," alisema, "unanuka vitunguu."

Dereva alicheka huku machozi yanamtoka. Tukampandisha nyuma ya gari, nikakaa naye na boksi la dawa ya kuzindua. Hatujafika hata barabarani, Chuma akajiinua.

"Geuza gari. Daktari ana mnyama chini na watu hawamtoshi. Mimi ni mzima."

Dereva akapunguza mwendo. Chuma ndiye mkubwa wetu kazini, akisema amesema. Lakini mafunzoni tulifundishwa wote wawili kwamba dawa ya kuzindua inaisha mwilini upesi, na sumu inabaki. Wifi alilijua hilo fika. Ila alijisikia mzima, na yeye ni Chuma.

"Hospitali," nilimwambia dereva.

"Acha woga wako."

"Siachi. Ninaogopa, na hiki ndicho ulichonitoa kwenye feni yangu nije kufanya. Dereva, ukigeuza naruka, na boksi naruka nalo."

Dereva akakanyaga mafuta kuelekea mjini. Wifi akanicheka.

"Haya, mama. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa..."

Nikasubiri amalizie. Kichwa chake kikaniangukia begani, kizito, na kifua hakikupanda.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Namdunga, anarudi, anafifia, nampulizia, namdunga tena. Boksi lilikuwa linakwisha na mji hauonekani. Nilimwambia akifa kaka yake ataniacha, nikamwambia blauzi yake ndiyo mbaya, nikamwomba Mungu kwa sauti. Tulipofika mlango wa hospitali, wauguzi walilazimika kuvifungua vidole vyangu kutoka kwenye mkono wake.

Akapona. Alipumzika nyumbani muda mrefu, na siku aliyorudi kazini Daktari alimwonyesha kwenye kompyuta nukta ya yule jike, imeshavuka mto na kundi lake. Wifi aliitazama sana, hakutania kitu.

Kesho yake tukaenda kumvisha kola pundamilia mwingine. Akavaa glavu, akavaa miwani, akasimama mbele ya meza, akabaki amesimama. Kisha akavua glavu.

"Leo fungua wewe," alisema.

Mafunzo nilikuwa nayo, moyo ndio sikuwa nao. Nikashika kichupa.

"Uko?" niliuliza.

Kimya. Nikageuka. Sindano ilikuwa mkononi mwake, na mkono wa Chuma ulikuwa unatetemeka mpaka kiwiko.

"Niko," alisema.

Nilipouona unatetemeka hivyo, nikafungua.