Kobe na Dawa ya Povu

Wenzake katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo walimwita Kobe, na jina likamganda. Miaka kumi na tisa ya uuguzi, hajawahi kuvuta dawa kwenye sindano kwa pupa. Hata mkewe humtania kwamba viazi akivimenya asubuhi, vitaliwa usiku.

Siku hiyo aliletwa mbeba mizigo wa sokoni, pande la mtu, shingo kama gogo. Mshipa wa moyo wake ulikuwa umeziba. Daktari akapitisha waya mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni, akauzibua. Damu ilipoanza kupita tu, moyo ukapagawa. Kwenye skrini mstari ukawa unatetemeka ovyo, maana yake moyo unacheza tu, hausukumi damu hata tone. Jamaa akageuza macho, akakoroma kama anayechinjwa.

"Kaeni mbali," daktari akasema.

Umeme ukampiga. Mwili ukaruka, ukabwagika mezani kwa kishindo. Bado. Dada wa zamu akamkandamiza kifua kwa mikono miwili mpaka ubavu ukalia ko, kama kijiti kikavu. Umeme tena. Bado. Wa tatu nao, bado.

"Dawa ya mapigo, iko wapi?"

Muuguzi mgeni, kijana wa mikono myepesi, alikuwa ameshaivamia. Akatikisa kichupa, akavuta kwa nguvu. Bomba la sindano likajaa povu tupu. Dawa ile ndivyo ilivyo, ukiipapatikia inakuwa mapovu, na povu humwingizii mtu mshipani.

"Nipishe, mdogo wangu," Kobe akasema.

"Kobe, mtu anakufa hapa," daktari akafoka.

"Namwona, daktari."

Akavunja shingo za vichupa viwili vipya. Akavuta taratibu, taratibu, huku nyuma yake ubavu wa pili ukivunjika na damu ya kifundoni ikichuruzika hadi kwenye viatu vyake. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Akataja dawa na kipimo kwa sauti, akaisukuma yote, akaifuatishia maji ya chumvi.

Umeme wa nne. Mstari ukalala. Ukaruka mara moja. Ukaruka tena.

"Unapiga," dada wa zamu akasema, akihema.

Baada ya muda jamaa akafumbua macho. Kifua kinawaka moto, watu waliofunika nyuso wamemzingira. Akarusha ngumi. Ikatua mdomoni mwa Kobe, barakoa ikalowa damu.

"Mmeniua," jamaa akaunguruma.

"Tumejaribu, kaka. Umekataa," Kobe akamjibu.

Daktari akaagiza dawa ileile iingie sasa kwa matone, moyo usije ukarudia wazimu wake. Kobe akashusha barakoa, akatema jino kwenye kibakuli cha chuma, akamsogezea yule mgeni vichupa.

"Haya, vuta wewe."

Kijana akavuta kidogokidogo, ulimi nje. Hakuna povu. Daktari akatazama saa ukutani, kisha akavuta kiti, akakaa kusubiri.