Draivu Aliyoificha Musyimi

"Musyimi, usinizungushe! Wiki jana D ilikuwa hapa, leo haiko. Imeota miguu?"

Mama Kalondu, mwenye saiba, kile chumba cha kompyuta za kulipia, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Zubair, mfanyakazi mwenzake Musyimi, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua, kidole kikigonga kioo cha kompyuta pale draivu D, ya kuhifadhia faili, ilipokuwa inakaa miaka yote. Sasa palikuwa na C peke yake.

"Labda ni virusi, Mama," Musyimi akasema.

"Virusi gani hao wanakula D wanaacha C? Wanachagua kama watu wa harusi wakitafuta nyama?"

Kwenye benchi karibu na mlango alikuwa amekaa dada mmoja anaitwa Wakesho, ametoka Marungu asubuhi hiyo. Babake alikuwa anazikwa Jumamosi. Alitaka programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba, na juu yake picha ya mzee, ile waliyoiskani hapa mwaka jana pamoja na zingine za familia wakimzika nyanya yake. Ya karatasi ilinyeshewa ikaharibika. Iliyobaki ilikuwa ndani ya D.

Na D aliificha Musyimi mwenyewe, Jumatatu, wenzake wakiwa wameenda kula.

Musyimi aliacha shule kidato cha pili. Akazunguka Voi akifanya hiki na kile, hakuna alichokaa nacho mwezi, mpaka Mama Kalondu akamweka mbele ya kompyuta. Alijifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, na mpaka leo ni viwili tu, lakini vinakimbia. Miaka mitano, mtu akifiwa, watu walikuwa wanasema, nendeni kwa Musyimi. Yeye anachukua programu ya marehemu wa jana, anafuta jina, anaweka la leo, saa moja kazi imeisha. Mazishi yote hayo aliyaweka ndani ya D.

Halafu akaja Zubair. Kijana wa Voi hapa hapa, watu wake ni wa pwani, ana cheti cha chuo na sauti ya chini. Miezi mitatu tu, na wateja wakachungulia mlangoni wakiuliza, "Yule kijana mpole yuko?" Wakiambiwa hayuko, wanasema watarudi. Musyimi ameketi pale pale, wanamruka kama kiti! Hata Nthambi, anayeuza chai hapo nje, alianza kumtilia Zubair tangawizi bila kuombwa. Musyimi amekunywa chai ya Nthambi tangu afungue kibanda chake, tangawizi hajawahi kuionja.

Wivu ukamshika. Akatazama video kwa simu jinsi ya kuficha draivu watumiaji wengine wasiione, akaandika amri zake mstari mmoja mmoja, akazima kompyuta akaiwasha. D ikabaki kwa akaunti yake peke yake. Kwa akaunti ya Zubair na ya Mama Kalondu, hakuna kitu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kwa kina Zubair, Waislamu, mtu akifa anazikwa siku hiyo hiyo, hakuna programu wala picha za rangi. Bila D, programu ya Wadawida, wenyeji wa hapa, ataitolea wapi? Atakwama, na Mama ajue nani ni nani.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Musyimi akavuta pumzi.

"Dada, usijali. Wacha niingie kwa akaunti yangu niitafute. Na programu nitakufanyia mimi mwenyewe, kama ile ya nyanya."

"Hapana, kaka," Wakesho akasema haraka. "Picha nitashukuru. Lakini programu afanye huyu kijana mpole."

"Kwani ya nyanya ilikuwa na shida gani?"

"Uliandika ana mkwe anaitwa Maxwell. Sisi hatuna Maxwell. Mchungaji akamwita asimame atoe salamu za wakwe. Kanisa zima likageuka kumtafuta. Tukangoja. Shangazi yangu mpaka leo anauliza nani kati yetu ana bwana amemficha."

Mama Kalondu akajishika mdomo, lakini kicheko kikamponyoka. Musyimi alimkumbuka Maxwell. Alikuwa mkwe wa marehemu wa wiki iliyotangulia.

Zubair hakucheka. Akabonyeza pale juu panapoandikwa njia ya faili, akaandika D na nukta mbili, akapiga enta. Draivu yote ikafunguka, mazishi yamepangwa mwaka kwa mwaka.

Musyimi akahisi masikio yanawaka. "Ulijua?"

"Tangu Jumanne. Imefichwa machoni tu, ndugu yangu. Ukiiita kwa jina inakuja. Nikaona huenda una mambo yako ya faragha, sikutaka kukuaibisha."

"Na ulichukua ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Programu zangu!"

"Sikuchukua hata moja. Za kazi gani?"

Hapo ndipo palipomuuma. Angeiba hata moja tu, ingekuwa afadhali.

"Musyimi," Mama Kalondu akasema, kicheko kimeisha, "kwa hivyo ni wewe. Irudishe. Sasa hivi, kila mtu aione."

Akakaa, akafuta mistari yote aliyoandika Jumatatu. Vidole viwili, na leo havikukimbia. D ikarudi mahali pake. Zubair akachukua kiti, akamgeukia Wakesho, hata kibodi hajaigusa.

"Pole sana, dada yangu. Hebu niambie, baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Wakesho akasogeza benchi karibu. Halafu akaanza kusimulia vile mzee alivyokuwa anaongea na mbuzi wake kuliko na watu, na mbuzi wanamjibu, akawa anacheka na kujifuta machozi pamoja. Mama Kalondu akasogea asikie. Nthambi akaingia na vikombe viwili, cha Wakesho na cha Zubair, akasimama kusikiliza.

Musyimi akaangalia migongo yao.

"Mama, katoni ya karatasi imefika ofisi ya mabasi. Naenda kuichukua."

"Si hiyo huwa unamtuma Zubair?"

"Zubair ako na kazi," Musyimi akasema, akatoka.