Picha ya Mfanyakazi Bora

Pale Kikula, kwenye kiwanda cha mikate nilikofanya kazi, patroni wetu mpya, mkubwa wa kazi, alikuwa kijana aliyetoka masomoni akiamini kwamba watu wote, wazee kwa vijana, hutiwa moyo kwa njia moja. Akatundika ukutani picha kubwa ya mwokaji wetu mzee, na chini yake akaandika: Mfanyakazi Bora wa Mwezi.

Jamani! Kwetu picha kubwa namna ile huwekwa mbele ya nyumba mtu akishakufa, watu wapite kumlilia.

Vijana wanaokanda unga, roho zimejaa wivu, hawakukawia. Walichukua mshumaa wetu wa siku za kukatika umeme, wakauwasha chini ya picha. Mzee alipoingia, wakampa mkono mmoja mmoja: "Pole, papa, ulituacha mapema." Mmoja alijiliza hadi makamasi yakamtoka. Patroni alidhani wanampongeza mzee, akapiga makofi. Mpumbavu. Mzee alivaa aproni yake, akaingiza mikate motoni.

Mwezi uliofuata ikatundikwa picha ya yule aliyejiliza. Mzee alifika na mshumaa wake mwenyewe, akaniomba kiberiti, nami nikampa upesi. Akauwasha, akavua kofia, akainamisha kichwa na kuomba polepole, bila kucheka hata kidogo. Kijana akamshika mkono.

"Papa, zima! Miye siko mufu!"

"Ngojea, mutoto," mzee akamjibu. "Sijafika ku amina."