Mkutano wa Mbalamwezi

Nimezaliwa Kasoli, kwenye pamba. Hadi nilipoajiriwa kufundisha shule ya msingi kando ya ziwa, kule Simiyu yetu inakogusa maji, sikuwa nimewahi kupanda mtumbwi. Wavuvi wa dagaa walinicheka mpaka basi. "Ngosha, hiyo ni kasia, siyo jembe!" Lakini haohao ndio walionichagua mwenyekiti wa chama chao, kwa kuwa nilijua kubishana na watu wa ofisini na sikuogopa tai ya mtu. Nikaacha chaki. Mama yangu alininunia msimu mzima wa pamba.

Kikao changu cha kwanza kilihudhuriwa na mimi, katibu na mbuzi wa mama ntilie. Nilikiitisha wakati wa giza, mwezi usipoonekana, na huo ndio wakati wa dagaa. Dagaa hufuata taa, na taa haina maana pasipo giza. Usiku kucha watu wako majini, mchana wamelala fofofo. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika na wavuvi hushona nyavu au huenda makwao. Tangu hapo sikupanga kikao bila kutazama angani.

Ndipo diwani wetu wa wakati ule akaleta habari za mwekezaji. Alitaka hoteli ijengwe mwaloni, pale pale tunapoegesha mitumbwi na wanawake wanapoanika dagaa. Tungenyang'anywa mwalo ule, tungeenda wapi? Kwingine kote ni matete na mawe. Kilichobaki kilikuwa kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na tarehe aliipanga diwani mwenyewe.

Nilipoona tangazo nikapiga hesabu ya mwezi, nikacheka peke yangu barabarani. Alikuwa amechagua mbalamwezi! Mtu wa ng'ombe na pamba yule aliamini wavuvi huvua mwezi unapong'aa, ili waone wanakokwenda, na kwamba mchana wake wangekuwa wanakoroma. Nami ningeamini hivyohivyo kama nisingepata ule mkutano wa mbuzi.

Sikumwambia mtu wa ofisini. Nilipita mtumbwi kwa mtumbwi, nikiwasihi wavuvi safari hii wasiende makwao.

Siku yenyewe diwani alinikuta uwanjani mapema.

"Mwangaluka, mwalimu. Mbona uko peke yako?"

"Mwangaluka, mheshimiwa. Wenzangu wanakuja."

Wakaja. Wameoga, mashati yamepigwa pasi, wake zao wakinukia dagaa bila kujali mtu. Uwanja ulijaa hadi kwenye magoli. Wanaoafiki hoteli walipotakiwa kunyoosha mikono, ilinyooka ya mstari wa mbele tu. Tulipoitwa wanaokataa, niligeuka nyuma nikaona viganja, viganja vitupu. Nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Uchaguzi uliofuata nikagombea udiwani, nikashinda. Mama alikuja kutoka Kasoli kuniona nikiapa.

"Watu wako wako wapi?" akaninong'oneza ukumbini. Hakukuwa na mvuvi hata mmoja.

"Ni giza, mayu. Wamelala."

Hakuelewa, nami sikuwa na subira ya kueleza. Tulipotoka nilimpeleka moja kwa moja mwaloni, nikiwa na suti vilevile. Mchanga wote ulikuwa umefunikwa na dagaa wa usiku ule, wanang'aa juani, na mitumbwi imelala kando yake. Mama akavua viatu, akainama pamoja na wale wanawake, akaanza kugeuza dagaa.