Ngoma Isiyo ya Wageni

Mahfudha Awadh alikuwa na miaka kumi na minne ya kazi katika hoteli moja ya Al Barsha, Dubai, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichomchosha kama ngoma ya Bali. Kazi yake ilikuwa kusimamia shughuli: harusi, karamu za kampuni, futari za Ramadhani. Alijua viti vingapi vinaingia katika lifti ya mizigo na mpishi gani hasemeshwi kabla hajanywa chai. Alizaliwa Malindi ya Unguja, akaja Dubai kwa shangazi yake akiwa na miaka ishirini na mbili, na tangu hapo amezoea kusikia watu wakisema, khalas, Mahfudha atafanya.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kampuni moja ilitaka karamu ya watu themanini kando ya bwawa la kuogelea, na ilitaka iwe ya Kibali. Bwana Hazim, meneja wa karamu, akafurahi. Hotelini alikuwapo Ketut, mkandaji wa spa ghorofa ya tatu, mtoto wa Bali hasa, kisiwa cha Indonesia, kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Karangasem. Tena Ketut alikuwa amewahi kuwaonyesha wenzake katika chumba cha chakula picha ya video: yeye na wanawake wengine thelathini na zaidi, wamevaa nyeupe na njano, maua kichwani, wanakwenda taratibu kwa safu katika ua wa hekalu. Hazim aliomba atumiwe video ile. Kisha, kabla hajamuuliza mwenyewe, akaipeleka kwa mteja. Mteja akaipenda.

Baada ya hapo ndipo Mahfudha alipotumwa akazungumze na Ketut.

Ketut alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa juu ya aproni, akatabasamu, akasema samahani, Mbok, ile haiwezekani. Mbok ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao, na Ketut alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Mahfudha alidhani ni haya tu. Akashuka akamwambia Hazim inshallah. Akarudi kesho yake na ahadi ya siku mbili za mapumziko. Ketut akatabasamu. Akarudi mara ya tatu na maneno ya Hazim kwamba ngoma inaweza kupunguzwa iwe dakika nne. Ketut akatabasamu tena, na safari hii Mahfudha alitamani bora angetukanwa.

Si kwamba Ketut alikataa kucheza. Alieleza kwamba kwao ngoma si zote sawa. Zipo za hekaluni, na zipo za kuwafurahisha watu. Ile ya kwenye video inaitwa rejang, nayo ni ya hekaluni. Lakini ipo nyingine, Panyembrama, iliyotungwa makusudi kwa ajili ya kupokea wageni, ina mavazi mazuri ya dhahabu na maua ya kurusha, nayo angeicheza kwa moyo wote. Mahfudha aliona jambo limekwisha. Akashuka ngazi mbio.

Hazim hakutaka. Mteja ameona nyeupe na njano, akasema, na mialiko imeshachapishwa yenye picha ile ile. Kama Ketut hataki, watafutwe wahudumu wanne, waangalie video, wajifunze. Nani atajua?

Basi Mahfudha akaenda sokoni Deira na jua lake kununua vitambaa. Njano ya kwanza Hazim aliiona imepauka, ikabidi arudi. Wahudumu waliochaguliwa walikuwa Wafilipino wawili, Mnepali mmoja, na Peninah wa Kisumu, aliyewekwa kwa sababu ya urefu wake. Peninah alifanya mazoezi siku moja, akamfuata Mahfudha ofisini.

"Madam, mimi nimetoka Kisumu. Nitakuwa mtu wa Bali aje?"

Mahfudha akamwambia arudi ukumbini, akaona aibu papo hapo kwa kusema hivyo.

Siku ya tatu ya mazoezi Ketut alipita mlangoni na taulo zake. Alisimama akaangalia wasichana wanne wakiinua mikono kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu. Aliweka taulo chini akaketi juu ya zulia. Mahfudha alikuwa na mambo mia siku hiyo, wa maua hapokei simu, wa vyombo kaleta pungufu. Hata hivyo aliwapa wasichana mapumziko, akaketi naye, akamwambia kwa ukali kidogo amweleze sasa, kwa maneno ya kueleweka, kwani nini hasa.

Ketut akatoa simu, akaifungua video ile. Huyu ni mama yangu, akasema. Huyu wa nyuma yake anauza samaki sokoni, hajafundishwa kucheza maisha yake yote. Huyu alikuwa amezika mtoto mwaka ule, na hii ndiyo siku yake ya kwanza kurudi hekaluni. Siku hiyo hekalu linatimiza mwaka wake, miungu wanashuka, na wanawake wa kijiji wanatoka kuwapokea. Mwenye umri, mwenye uzuri, asiye nao, wote. Hawachezi vizuri wala vibaya.

"Watu wakiwepo wanaangalia, si kosa," Ketut alisema. "Lakini hatuwachezei wao. Ukiondoa hao tunaowapokea, Mbok, inabaki nini? Wanawake wanatembea polepole."

Mahfudha akakumbuka Unguja. Marehemu baba yake alikuwa katika safu ya maulidi ya homu, wanaume wamepiga magoti kwa kanzu nyeupe, wanainama na kuinuka pamoja kama pumzi moja. Mwaka mmoja mgeni mwenye kamera aliwaomba warudie kipande kwa sababu hakuwa amewasha. Wakarudia. Baba alirudi nyumbani, akakataa chakula, na alipoulizwa alisema tu kwamba leo wamemsalia Mtume kwa ajili ya kamera. Mahfudha alikuwa na miaka tisa na hakuelewa. Sasa alielewa, na jambo hilo lilimwudhi kupita yote, kwa sababu wiki tatu nzima yeye ndiye aliyekuwa mwenye kamera.

Akaenda moja kwa moja kwa Hazim.

"Sir, vitambaa nimenunua na wasichana nimewafundisha. Hili lililobaki silifanyi."

Hazim akasema ni ngoma tu, yalla, tusikuze mambo.

"Baba yangu alikuwa msomaji wa maulidi," Mahfudha akasema. "Ungemweka wapi? Baada ya supu au kabla ya samaki?"

Hazim aliangalia meza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tatizo ni mteja. Mahfudha akaomba namba ya mteja, na Hazim aliposita, akakumbuka kwamba anayo mwenyewe kwenye mkataba. Akatoka nje akapiga.

Aliyepokea alikuwa mwanamke aitwaye Maram, msimamizi wa karamu upande wa kampuni. Mahfudha alimweleza. Maram akashangaa. Yeye aliambiwa ile ni ngoma ya harusi. Kama ni ibada, hapana, haitaki kabisa, na hiyo nyingine ya wageni itafaa vizuri. Mialiko? Haijachapishwa hata mmoja. Mazungumzo yote yalichukua dakika sita. Mahfudha alibaki amesimama penye maegesho, simu mkononi, akifikiria ngazi zote alizopanda.

Siku ya karamu, jua likiwa bado halijazama, Ketut alicheza Panyembrama na rafiki zake wawili wa hoteli nyingine. Kabla ya kuanza aliweka nyuma ya spika kikapu kidogo cha majani chenye maua na wali, sadaka ya kwao. Fundi wa sauti akataka kukitupa, Mahfudha akasimama mbele yake mpaka ngoma ikaisha. Wageni wengine waliacha uma wakaangalia, wengine waliendelea na simu zao. Petali zilianguka majini, na kesho yake wa bwawa walilalamika kwamba zimeziba chujio.

Hazim alisifiwa kwa karamu ile, akapokea sifa. Mahfudha alipokea barua ya onyo kwa kumpigia mteja bila idhini. Aliisoma mara mbili, akasahihisha tarehe waliyoikosea, akatia saini, akaomba nakala. Alikuwa bado anaikunja alipopigiwa simu kutoka ukumbini: harusi ya saa kumi imeletewa viti vya rangi siyo.